Wingi wa Habari na Kazi ya Maktaba Ndogo

Watu wakaao katika tambarare ya Kano, karibu na mto Nyando, wajua jambo moja ambalo mgeni huweza kulistaajabia. Mvua kubwa zinyeshapo mto hufurika, na maji hutanda mashambani na njiani mpaka milangoni mwa nyumba. Maji ni tele, lakini ya kunywa hayapatikani. Visima vimeingiwa na matope na uchafu, na mtu anywaye maji yale bila kuyachemsha hujitafutia maradhi. Basi mwenye nyumba husimama katikati ya maji mengi, naye ana kiu. Hakukosa maji, amekosa maji safi.

Hali ya habari siku hizi ni mfano wa mafuriko hayo. Mtu aishiye kijijini, au katika mitaa ya Nairobi, Mombasa au Kisumu, aamkapo asubuhi huikuta simu yake ya mkononi imejaa maneno: ujumbe wa WhatsApp uliopokewa usiku, picha, sauti, matangazo ya wauza dawa, na maonyo ya hatari ambazo hakuna ajuaye zilianzia wapi. Baadaye redio husema, gazeti husema, na jirani naye husema. Ifikapo jioni amekwisha kusikia mambo mia, lakini likimjia swali moja la lazima, kama vile dawa ya mimea yake au haki yake juu ya shamba, hana jibu analoliamini.

Somo hili laeleza kwa nini wingi wa habari huweza kumpotosha mtu kama vile uhaba wake ulivyompotosha zamani, na jinsi maktaba ndogo, hata ile yenye chumba kimoja na rafu chache, iwezavyo kumsaidia.

ZAMANI VITABU VILIKUWA HABA

Wazee wengi wa Kenya wakumbuka wakati ambapo shida ilikuwa kinyume cha hii. Mjini Mombasa ilianzishwa mwaka wa 1903 maktaba ya Seif bin Salim, pamoja na chumba cha kusomea, nayo ni miongoni mwa maktaba za kwanza katika nchi. Mjini Nairobi maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka wa 1931, jengo zuri lenye nguzo mbele na sanamu za simba penye ngazi. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan. Lakini mlango wake ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kupita nje na kuzitazama nguzo zile, lakini hakuruhusiwa kuingia na kusoma mpaka mwaka wa 1958. Mwaka wa 1962 maktaba hiyo ikawekwa mikononi mwa halmashauri ya jiji.

Kwa ajili ya wasomaji wa Kiafrika ilianzishwa East African Literature Bureau mwaka wa 1948. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika ya Mashariki. Tena ilipeleka masanduku ya vitabu mahali palipokuwa mbali na miji, na wasomaji wengine iliwaazima vitabu kwa njia ya posta. Nchi ilipokwisha kupata uhuru, Bunge lilipitisha mwaka wa 1965 sheria ya kuunda halmashauri ya maktaba za taifa, na baadaye matawi yakafunguliwa katika miji mbalimbali. Mwaka wa 1996 vitabu vilianza kupakiwa juu ya ngamia huko Garissa, ili viwafikie watoto na wachungaji wa mahali ambapo gari hupita kwa shida. Na Katiba ya mwaka wa 2010 imeziweka maktaba za wananchi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti.

Wote waliofanya kazi hizo walipigana na adui mmoja, yaani uhaba. Mtu aliyepata kitabu alikisoma mara mbili tatu, kisha akampa jirani yake. Habari ikikosekana, ilikosekana kabisa. Hakuna aliyefikiri kwamba itakuja siku ambayo watu watalalamika kwamba habari zimezidi.

LALAMIKO HILI SI GENI DUNIANI

Hata hivyo katika nchi nyingine lalamiko hilo lilisikika kale. Ufundi wa kupiga chapa ulipoenea Ulaya baada ya mwaka wa 1450, vitabu vilianza kutoka kwa wingi, na wasomi wakashikwa na wasiwasi. Mmoja wao alikuwa Conrad Gessner, mganga na mwanachuoni wa mji wa Zurich katika nchi ya Uswisi. Aliona kwamba wingi wa vitabu unawachanganya watu akili, wala haukomi. Lakini hakushauri vitabu vichomwe, wala hakukata tamaa. Alikaa akaandika orodha kubwa ya waandishi na vitabu vyao vya Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, akaitoa mwaka wa 1545, ili msomaji ajue kipi kipo na chahusu nini. Dawa yake ya wingi ilikuwa mpango.

Mwaka wa 1971 mtaalamu wa Marekani aitwaye Herbert Simon alilieleza jambo hili kwa njia nyingine. Alisema kwamba habari zina kitu zinachokula, na kitu hicho ni uangalifu wa mtu azipokeaye. Basi habari zikiwa nyingi, uangalifu hupungua. Neno hili ni la kweli, na mtu hahitaji kwenda chuoni ili kulipima. Mwanafunzi asomaye huku simu inalia kila dakika husoma ukurasa mzima, kisha asijue amesoma nini.

Na katika mwezi wa Februari mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukienea, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba pamoja na maradhi yale kulikuwa na mafuriko ya habari, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika, hata watu wakashindwa kupata mashauri ya kuaminika wakati walipoyahitaji sana.

Madhara ya wingi huo ni matatu. La kwanza, wakati hupotea. La pili, uongo hupata mahali pa kujificha, kwa maana ngano na magugu yakiota pamoja kwa wingi ni vigumu kuyatenga. La tatu, nalo ndilo baya zaidi, moyo huchoka. Mtu aliyechoka hachagui tena. Huchukua neno alilolisikia mwisho, au lile lililosemwa kwa sauti kubwa kuliko mengine. Waswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Methali hiyo ilifaa pale ambapo msemaji alijulikana, na nyumba yake ilijulikana. Lakini siku hizi lisemwalo huja bila msemaji, na mengi hayapo wala hayaji.

MFANO WA MKULIMA NA KIWAVIJESHI

Na achukuliwe mkulima mmoja wa mahindi katika Bonde la Ufa awe mfano. Mkulima huyu si mtu fulani, lakini wako wengi wa hali yake.

Asubuhi moja aliona majani ya mahindi yake yametobolewa. Alikuwa amesikia habari za kiwavijeshi mgeni, mdudu ambaye asili yake ni nchi za joto za Amerika, akaonekana Afrika ya Magharibi mwaka wa 2016, na Kenya mwaka wa 2017. Akapiga picha ya jani, akaipeleka kwa simu katika kundi la jamaa na marafiki, akaomba shauri. Kabla ya magharibi alikuwa na majibu matano. Wa kwanza alimwambia atie majivu. Wa pili alimwambia anyunyize maji ya sabuni ya unga. Wa tatu alimwambia achanganye dawa mbili kali katika bomba moja. Wa nne alimwambia asihangaike, maana huyo ni bungua wa siku zote. Wa tano alikuwa na dawa ya kuuza, chupa isiyo na karatasi ya maelezo, naye alisema kwamba bei ni nafuu kwa siku ile tu.

Mkulima alisoma, akasikiliza, akauliza tena, na kila aulizapo majibu yaliongezeka. Siku tatu zikapita. Mwisho akanunua ile chupa, kwa sababu muuzaji ndiye aliyesema kwa uhakika kuliko wote. Akanyunyiza saa saba mchana, jua likiwa kali. Wadudu hawakufa. Wale wakubwa walikuwa wamekwisha kuingia ndani kabisa ya moyo wa mmea, mahali majani machanga yanapochipukia, na mavi yao yalikuwa yameziba juu kama kifuniko, hata dawa isiwafikie.

Siku ya soko alikwenda mjini, na kwa kuwa mwanawe alikuwa na kitabu cha kurudisha, akapitia katika maktaba. Ilikuwa nyumba ndogo, yenye meza nne na rafu kando ya kuta. Mtunza maktaba alikuwa mwanamke kijana.

"Karibu, baba," alisema. "Nikusaidie nini?"

"Binti yangu, nipe vitabu vyote vinavyosema habari za wadudu wa mahindi."

"Vyote utavimaliza lini, baba, na mahindi yanaliwa? Hebu niambie kwanza umeona nini shambani."

"Majani yana matundu. Na ndani mna kitu kama unga wa mbao."

"Na mdudu mwenyewe umemwona? Kichwa chake kikoje?"

Mkulima alinyamaza. Kwa juma zima alikuwa amesoma na kusikia habari za mdudu yule, lakini hakuwa amefungua moyo wa mmea hata mmoja amtazame.

Mtunza maktaba akaenda penye rafu akatoa kitabu kimoja, akafungua ukurasa wa mbele, akamwonyesha mwaka wa kuchapishwa. "Kitabu hiki ni kizuri," alisema. "Chaeleza habari za bungua, na za viwavijeshi wa zamani waendao makundi kama askari. Lakini kilichapishwa kabla ya mdudu huyu mgeni kufika nchini, kwa hiyo hakimjui." Akakirudisha, kisha akatoa katika jalada karatasi moja ya mafundisho ya kilimo iliyochapishwa baada ya mwaka wa 2017, yenye picha. Picha ile ilionyesha alama mbili za kumtambua kiwavijeshi mgeni: mstari mweupe usoni pake mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Chini ya karatasi ile akamwandikia mahali ilipo ofisi ya kilimo, na siku ambazo afisa huwapo.

Mkulima alikaa mezani akasoma karatasi ile moja kwa nusu saa. Aliporudi shambani alifungua mimea kumi, akaziona alama zote mbili. Siku ya pili akaenda kwa afisa wa kilimo akiwa na mdudu ndani ya chupa na swali moja mdomoni. Akafundishwa kuyaponda mayai kwa mkono yanapoonekana yamebandikwa kwa fungu juu ya majani. Kupita shambani mara mbili kila juma tangu mahindi yaanzapo kuota. Kutumia dawa iliyokubaliwa tu, kwa kipimo kilichoandikwa, wadudu wangali wadogo, asubuhi mapema au jioni. Akaelezwa pia njia ya watafiti wa icipe, ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya ng'ombe kuzunguka shamba, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya bungua, kisha ikaonekana yafaa pia kupunguza kiwavijeshi.

Mahindi yaliyokwisha kuliwa moyo hayakupona. Sehemu ya shamba ilipotea, na fedha za ile chupa zilipotea pia. Iliyobaki iliokoka. Hasara yake haikutokana na kukosa habari, kwa maana alikuwa nazo nyingi kupita kiasi. Ilitokana na siku saba za kutanga kati ya habari hizo.

KAZI NNE ZA MAKTABA NDOGO

Katika mfano huu msomaji ataona kwamba maktaba haikumpa mkulima habari nyingi zaidi. Ilimpunguzia. Kupunguza huko si jambo la bahati, bali ni kazi yenye ufundi, nayo ina sehemu nne.

Kwanza ni kuchagua. Fedha za maktaba ndogo ni chache, na rafu ni chache. Kwa hiyo kila kitabu kabla ya kununuliwa huulizwa: Ni nani aliyekiandika? Je, alijua jambo analoliandika? Ni nani hapa atakayekisoma? Udogo ambao watu huudharau ndio unaolazimisha swali hili liulizwe. Simu haiulizi; hupokea kila kitu.

Pili ni kupanga. Mwaka wa 1876 Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpango wa kugawa elimu yote katika mafungu kumi kwa tarakimu, na mpango huo hutumika mpaka leo katika maktaba nyingi za ulimwengu. Tarakimu hubandikwa mgongoni mwa kitabu. Vitabu vya kilimo vyaanzia 630. Magonjwa na wadudu wa mimea ni 632. Mahindi ni 633.15, mifugo ni 636, sheria ni 340, utabibu ni 610. Vitabu vya fasihi ya Kiswahili vyapatikana penye 896.392. Mtu akijua tarakimu tatu nne za mambo yamhusuyo, aweza kuingia katika maktaba asiyopata kuiona, akaenda moja kwa moja mpaka penye rafu yake. Na zaidi ya hayo, vitabu vya jambo moja vikikaa pamoja, ni rahisi kuvilinganisha.

Tatu ni kuondoa. Watu wengine hukasirika waonapo vitabu vikitolewa katika rafu, wakidhani ni uharibifu. Lakini kitabu cha dawa au cha sheria kilichopitwa na wakati huweza kumdhuru msomaji, kwa kuwa kina sura ya ukweli. Mkulima apaliliaye haichukii mimea. Aipa nafasi ile itakayozaa. Vitabu vya historia, hadithi na mashairi havichakai kwa njia hiyo, wala havipimwi kwa kipimo hicho.

Nne ni kusikiliza. Mtu aendaye maktabani mara nyingi haulizi swali lake lenyewe. Huomba vitabu vya sheria, kumbe ana shida ya mpaka wa shamba. Huomba vitabu vya utabibu, kumbe mtoto wake ana homa tangu jana, na jibu la kweli ni kwamba amkimbize hospitali kwanza, kisha asome. Mtunza maktaba aliyefundishwa kazi yake hurudisha swali kwa upole mpaka shida yenyewe itoke. Huyo si daktari, wala si wakili, wala si bwana shamba, na akiwa mwaminifu hatajifanya. Kazi yake ni kumwonyesha mtu mlango ulio wake.

Mwalimu mmoja wa Kihindi, S. R. Ranganathan wa Madras, aliandika mwaka wa 1931 sheria tano za maktaba. Ya nne katika hizo yafundisha kwamba maktaba yapasa kuuhifadhi wakati wa msomaji. Wengi hudhani kwamba maktaba yahifadhi vitabu. Ranganathan alikuwa anajua kwamba kitabu hukaa rafuni miaka mia bila kulalamika, lakini saa ya mtu ikipita hairudi.

MAMBO MATANO YA KUFUATA

Msomaji hana budi naye kufanya sehemu yake, kwa maana maktaba haiwezi kufikiri kwa niaba yake. Haya ndiyo mambo yafaayo kufuatwa, maktabani na hata mbele ya simu.

1. Aandike swali lake kwanza, katika sentensi moja, kabla ya kutafuta. Mtu asiye na swali hupokea majibu ya maswali ya watu wengine.

2. Atazame kitu chenyewe kabla ya kusoma habari zake. Ikiwa ni mmea, aufungue. Ikiwa ni hati ya shamba, aisome mpaka mwisho. Ikiwa ni barua ya mahakama, atazame tarehe.

3. Aulize ni nani aliyesema, na alisema lini. Kitabu huandikwa jina la mwandishi na mwaka wa kuchapishwa. Ujumbe wa simu usio na jina wala tarehe ni sawa na barua iliyookotwa njiani. Huenda ikawa ya kweli, lakini haifai kuuza ng'ombe kwa ajili yake. Hasa aangalie lile neno ambalo huambiwa alitangaze upesi kwa watu wote, au dawa iuzwayo kwa bei ya siku moja tu. Pupa ya muuzaji si sababu ya mnunuzi kuwa na pupa.

4. Alinganishe mashahidi wawili wasiojuana. Majirani kumi waliosikia neno moja kutoka kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

5. Ajue mahali pa kukoma. Akipata jibu linalotosha kwa kazi iliyo mbele yake, afunge kitabu, aweke simu, akafanye kazi. Mtaka yote hukosa yote.

UPUNGUFU USIFICHWE

Si haki kuisifu maktaba bila kutaja kasoro zake. Maktaba nyingi ndogo zina vitabu haba vya Kiswahili, na vya lugha za nyumbani ni haba zaidi. Vitabu vya Kiingereza ndivyo vijazavyo rafu, na mzee asiyejua Kiingereza huona kwamba nyumba ile si yake. Nyingine zimejaa vitabu vilivyotolewa sadaka kutoka nchi za mbali, visivyomhusu mtu wa mahali pale. Nyingine hufungwa saa ile ile ambayo mfanyakazi hutoka kazini. Na wako watu wengi ambao maktaba iliyo karibu nao ni safari ya siku nzima. Wanafunzi nao hujaa wakati wa mitihani, wakitafuta mahali pa kukaa tu, kwa kuwa nyumbani hamna nafasi wala taa.

Kasoro hizi zina dawa, na sehemu ya dawa imo mikononi mwa wananchi wenyewe. Kwa kuwa maktaba ni kazi ya kaunti, wananchi waweza kwenda katika mikutano ya bajeti na kuuliza ni kiasi gani kimetengwa kwa vitabu na kwa mshahara wa mtunza maktaba. Chama cha wakulima, kikundi cha akina mama, au kanisa na msikiti, waweza kuanza kwa sanduku moja la vitabu thelathini vilivyochaguliwa vizuri, daftari la kuandikia waazimao, na mtu mmoja mwaminifu wa kulitunza. Masanduku ya namna hiyo yalisomesha watu wengi katika miaka ya 1950, na hakuna sababu yasisomeshe leo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wasijaze sanduku kwa kila kitu kipatikanacho bure. Sanduku lililojazwa ovyo huwa kama simu, ila ni zito zaidi kubeba.

Wale waliosimama nje ya milango iliyofungwa, kabla ya mwaka wa 1958, walijua thamani ya kitabu kwa sababu walinyimwa. Watoto wao na wajukuu wao hawanyimwi, wamemiminiwa. Kiu ni ile ile, na kisima safi chahitajiwa leo kama zamani. Mlango wa maktaba ndogo u wazi, na aingiaye haulizwi rangi wala kabila. Kuuliza si ujinga. Basi aingie, ataje swali lake moja, na akisha kupata jibu arudi shambani mapema, jua halijawa kali.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yafaa kujibiwa na msomaji peke yake, au kuzungumzwa katika kikundi cha kusoma.

1. Eleza tofauti kati ya shida ya habari ya miaka ya 1950 na shida ya habari ya siku hizi. Je, ni katika jambo gani shida hizo mbili zafanana?

2. Kwa nini mtunza maktaba alikirudisha rafuni kitabu kilichokuwa kizuri?

3. Mkulima alipata majibu matano kwa simu. Ni swali gani ambalo hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyemwuliza?

4. Taja ujumbe mmoja uliopata kuupokea kwa simu katika juma hili. Nani aliusema? Lini? Ni shahidi gani wa pili awezaye kuuthibitisha?

5. Kama kikundi chenu kingepewa sanduku la vitabu thelathini tu, mngechagua vitabu vya mambo gani, na ni vipi mngevikataa?